Historia ya Familia

Daktari aliuliza huku akiandika, bila kuinua macho: "Kwenye familia kuna historia ya damu kuganda?"

Nilikuwa nimelala, mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani hadi kwenye vidole, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Waulize wazee." Kisha akaniandikia sindano za kuchoma tumboni na vidonge vya miezi sita, akanikanya nisikubali mtu yeyote aukande ule mguu, hata awe mama yangu mzazi.

Hilo la kukanda lilikuwa limeshachelewa. Siku nne kabla, kwenye zahanati moja ya mjini, niliambiwa nimeshtua msuli, nikapewa dawa ya kuchua. Nikachua. Mwenzangu ninayekaa naye akanisaidia kuchua, kwa maji ya moto na chumvi, kwa upendo wote. Kama lile donge lingemeguka na kupanda hadi kwenye mapafu, hapa mngekuwa mnasoma makala ya mtu mwingine.

Nilikuwa na umri wa miaka 27. Nilikuwa nimetoka Mbeya kwa basi, mchana kutwa mpaka usiku kuingia Dar es Salaam, kiti cha dirishani, na maji nilikunywa kidogo makusudi ili nisimwombe kondakta asimamishe gari. Kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta. Tena kulikuwa na vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo daktari aliniuliza kwa sauti ya chini na mimi nikamjibu kwa sauti ya chini zaidi. Mambo hayo matatu yakikutana yanaweza kuigandisha damu ya mtu. Lakini abiria wote wa basi lile walikaa kama nilivyokaa, na mamilioni ya wanawake wanameza vidonge vilevile bila kudhurika. Ndiyo maana kuna swali la familia. Linauliza: kwa nini wewe?

Wiki saba baadaye, nilipoweza kusafiri, nikaenda Vuga kuwauliza wazee. Safari hii kila basi liliposimama nilishuka nikatembea, mpaka kondakta akanizoea. Kutoka Mombo tukapanda milima kwa zile kona, tukafika Soni, na kutoka Soni nikachukua bodaboda. Dereva alishangaa msichana wa Kisambaa kuogopa kutembea.

Babu ana miaka 81. Shamba lake la maharage liko bondeni, na kila siku hushuka na jembe asubuhi, kisha hupanda nalo. Nilipomwambia kwamba daktari anataka historia ya familia yetu, alijiweka sawa kwenye kigoda, akakohoa kidogo, akaanza na Mbegha.

Nilipaswa kulitarajia. Vuga ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Usambaa, na mzee wa Vuga ukimwomba historia hakupi pungufu ya karne mbili. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi mwishoni mwa karne ya 19, anasimulia kwamba Mbegha alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kwa hiyo ndugu zake wakamwona ni mkosi na kumnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, akapita Kilindi, akapanda milima hii, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu na kuwagawia nyama. Akaua simba. Watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Wajukuu zake ndio Wakilindi, na tangu hapo damu ya Mkilindi ikawa jambo la serikali: anayo au hana.

"Babu," nikamwambia, "daktari anauliza magonjwa."

"Na mimi nakueleza magonjwa. Ukigego ulikuwa ugonjwa."

Nikanyamaza, maana alikuwa sahihi. Meno ya juu kutangulia ni tofauti ndogo tu ya mwili, inatokea kwa watoto wengi na haina madhara yoyote. Ugonjwa uliwekwa na waliomtazama. Na watu wale wale wa zamani, waliokosea kuhusu meno, walilipatia jambo jingine gumu zaidi. Waliigawa nchi yao mara mbili: shambaai huku juu, na nyika kule chini kwenye joto. Kulala nyika waliogopa, kwa sababu kulileta homa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake kuhusu seli mundu katika Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba urithi huo umeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwenye nyanda za juu ni nadra, kwa sababu mwenye kuurithi kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Tofauti ya damu kati ya watu na watu ilifuata njia ya mbu. Nimeianza hapa ili nisije nikaeleweka vibaya huko mbele: damu za watu hutofautiana kweli. Kesi yangu ni juu ya namna tunavyotafuta sababu.

Nirudi kwenye donge langu.

Jambo ambalo sikulijua, na nadhani wagonjwa wengi hawalijui, ni kwamba dawa nilizopewa hazikuyeyusha chochote. Watu huziita dawa za kuyeyusha damu, hata manesi, lakini kazi yake ni kuzuia donge lisikue na lisizaliwe jingine. Kuyeyusha lile lililopo ni kazi niliyoachiwa mwenyewe. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimezoea kuufikiria mwili wangu kama mtuhumiwa, kumbe ndiye fundi pekee aliyekuwepo kazini.

Fundi huyo anafanya hivi. Damu inapoganda, hufuma wavu wa nyuzi za protini iitwayo fibrini, na chembe za damu hunasa humo kama dagaa. Ndani ya damu hiyohiyo kunatembea kitu kilicholala, plasminojeni. Kikiamshwa hugeuka kuwa plasmini, na plasmini hukata nyuzi za fibrini moja baada ya nyingine. Anayekiamsha ni kimeng'enya kiitwacho tPA, kinachotolewa na ukuta wa ndani wa mshipa. Na kwa kuwa mwili hauamini mtu yeyote mwenye mkasi, kuna mlinzi: protini iitwayo PAI-1, ambayo huikamata tPA na kuizima. Kama tPA ni nyingi na PAI-1 kidogo, madonge huyeyuka upesi. Ikiwa kinyume chake, hukaa.

Sasa mtu akikimbia, au akipanda mlima kwa nguvu, ukuta wa mshipa humwaga tPA na kiwango cha PAI-1 hushuka. Kwa muda mfupi damu yake inakuwa na uwezo mkubwa wa kuyeyusha. Akipumzika, ini huiondoa ile tPA ndani ya dakika chache na mambo hurudi yalivyokuwa.

Hili lilionekana zamani kabla halijaeleweka. Mpasuaji John Hunter wa London, katika kitabu chake juu ya damu kilichotoka mwaka 1794, aliandika kwamba wanyama waliokimbizwa mpaka kufa damu yao haigandi kama kawaida. Nilimsimulia babu. Yeye alipokuwa kijana aliwinda nguruwe kwa mbwa, na habari hiyo haikumshtua hata kidogo. Alisema tu kwamba Mzungu huyo lazima alikuwa na mbwa wazuri. Karibu miaka mia baada ya Hunter, mwaka 1893, Mfaransa Albert Dastre akalipa jambo la fibrini kuyeyuka jina linalotumika mpaka leo. Na mwaka 1947, Oxford, Rosemary Biggs, R. G. Macfarlane na mwenzao Pilling wakaonyesha kwa vipimo kwamba damu ya mtu huanza kuyeyusha madonge baada ya mazoezi makali, na vivyo hivyo baada ya sindano ya adrenalini. Yaani hofu peke yake inaweza kufanya hivyo. Mtu anayekimbia simba anapata yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini mwili uyeyushe madonge wakati ambapo mtu yuko karibu zaidi na jeraha? Swali hilo lilinisumbua. Jibu linaloniridhisha ni kwamba mazoezi huchochea pia uwezo wa damu kuganda. Mizani inainuliwa pande zote mbili kwa pamoja. Anayekaa kitini kwa saa 13 hainui upande wowote, na damu katika mishipa ya miguu yake, ambayo hutegemea misuli ya ndama kuisukuma irudi juu, inatuama tu.

Basi unaweza kuona tulipofikia. Babu, kwa sababu ya bonde moja na jembe moja, humwaga tPA kila siku ya Mungu. Mimi, damu yake hiyohiyo, niliikalia.

Ni maelezo mazuri, na niliyapenda sana kwa siku kama mbili. Kisha nikaanza kusoma historia yake.

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa na hofu moja kubwa. Wanaume wa kwao walikuwa wakianguka na kufa kwa mshtuko wa moyo, ambao mara nyingi ni donge lililoziba mshipa wa moyo wenyewe. Wakatazama Afrika, ambako ugonjwa huo ulionekana kwa nadra, wakauliza wanachokila Waafrika, kisha wakauliza damu yao ikoje. Mwaka 1957 watafiti wa Afrika Kusini, Gillman na wenzake, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu mafuta, uyeyushaji wa fibrini na Waafrika: damu ya Waafrika waliowapima iliyeyusha madonge upesi kuliko ya Wazungu. Mwaka 1960 Merskey na wenzake, katika nchi hiyohiyo, wakalinganisha makundi matatu ya wanaume: Wazungu wazima, Wazungu wenye ugonjwa wa moyo, na wale walioitwa Wabantu, wazima.

Ninaweza kuwasoma bila hasira, walikuwa wanatafuta tiba. Lakini ukigawa watu kwa rangi katika nchi ya ubaguzi wa rangi, tayari umewagawa kwa chakula, kwa kazi, kwa unene, na kwa umbali wanaotembea kwenda kibaruani alfajiri. Ukipima damu ya makundi hayo utaona tofauti, ndiyo. Umepima sheria za nchi.

Hapa Afrika Mashariki swali lilipata bahati kidogo. Kampala, kwenye chuo cha tiba cha Makerere na hospitali ya Mulago, kulikuwa na daktari A. G. Shaper, naye mzaliwa wa Afrika Kusini. Alikuta jambo la ajabu: Wahindi wa Kampala walikuwa wakiugua moyo, na Waafrika wa mji huohuo karibu hawaugui. Mwaka 1959 yeye na K. W. Jones walichapisha vipimo vya kolesteroli na chakula cha makundi hayo mawili. Kisha, mwaka 1966, Shaper na wenzake wakapima uyeyushaji wa fibrini, Waafrika na Wahindi, na safari hii wakaweka jambo jingine mezani: unene wa mwili wa kila mtu. Yaani hawakumwacha mtu awe Mwafrika tu au Mhindi tu. Walimuuliza pia kilo zake. Inaonekana hatua ndogo, lakini mtu mwenye tumbo kubwa ana PAI-1 nyingi, awe wa kabila lolote, na hilo limethibitishwa tena na tena tangu hapo. Shaper aliwahi kwenda pia kwa Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, wanaoishi kwa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini. Baadaye akahamia Uingereza akaanzisha utafiti mkubwa wa moyo wa wanaume wa miji ya huko. Ninavyoona mimi, alijifunzia Kampala namna ya kuuliza.

Upande wa Tanganyika alikuja Mmarekani George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, akawafuata Wamasai. Timu yake iliwapandisha wanaume wa Kimasai kwenye mashine ya kukimbilia, ili wapime nguvu za miili yao, na mwaka 1965 wakaandika kwamba afya ya mioyo yao huenda inatokana na ukakamavu wa mwili. Jaribu kuiona picha hiyo: mtu aliyetembea siku mbili na ng'ombe anaombwa atembee juu ya mkanda usiokwenda popote. Mwaka 1972 Mann alitoa majibu ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Mishipa yao ilikuwa na utando wa mafuta, tena mwingi, lakini ilikuwa imetanuka kwa kadiri umri ulivyosonga, hivyo njia ya damu ikabaki wazi. Hawakuwa na damu ya miujiza. Walikuwa na mishipa mipana, na Mann aliamini ni miguu iliyoipanua.

Kwa hiyo, damu au miguu? Kufikia hapo ningeweza kusema ni miguu na kufunga daftari. Lakini vinasaba navyo vikafika.

Mwaka 1993 watafiti wa Sweden na Uingereza walieleza tofauti moja ndogo iliyoko mbele kidogo ya jeni ya PAI-1. Ni herufi moja tu ya kinasaba. Mahali hapo baadhi ya watu wana herufi G nne mfululizo, wengine wana tano. Wenye nne kwa kawaida hutengeneza PAI-1 zaidi kidogo, hivyo walinzi wao ni wengi na madonge yao hukaa zaidi. Kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo unaweza kuwa na nne na nne, nne na tano, au tano na tano. Miongoni mwa Wazungu zile nne ni za kawaida kabisa, karibu nusu ya nakala zote. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika, zile tano ndizo nyingi.

Ukiishia hapo, Gillman anafufuka: kumbe Waafrika kweli wana damu yao. Ila athari ya herufi hiyo moja ni ndogo, unene unaishinda, na haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Finland ambao niliusoma mara tatu. Wanaume wa makamo walifanya mazoezi ya kawaida kwa muda mrefu, na PAI-1 yao ikapimwa. Ilishuka kwa wale wenye nne na nne. Kwa wengine mazoezi hayakuleta tofauti hiyo. Yaani waliorithi nakala mbaya ndio walionufaika zaidi na kutembea. Mlima uliwajibu wao.

Nilijikuta ninacheka peke yangu gizani na simu mkononi. Miaka 40 ya kuuliza damu au miguu, na jibu likawa kwamba kuna watu ambao miguu yao ndiyo inayoamua damu yao itafanya nini, na wengine ambao haiwasumbui sana. Usiponiuliza nilichorithi hutajua mlima unanifaa kiasi gani, na usiponiuliza ninakoishi hutajua nilichorithi kitanifanya nini.

Kuna familia moja ambayo swali la daktari wangu lilijibiwa kikamilifu. Ni Waamishi wa Berne, jimbo la Indiana, Marekani, wakulima wanaotumia farasi na wanaooana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1992 alielezwa msichana wa jamii hiyo aliyekuwa akivuja damu kupita kiasi kila akiumia, kwa sababu nakala zake zote mbili za jeni ya PAI-1 zilikuwa zimeharibika. Hakuwa na mlinzi. Mkasi wake ulikata hata madonge yaliyohitajika. Kwa kuwa Waamishi huandika nasaba zao, watafiti waliweza kupanda juu, kizazi hadi kizazi. Mwaka 2017 kundi la Douglas Vaughan likaripoti kwamba wale wenye nakala moja tu iliyoharibika waliishi kwa wastani hadi kama miaka 85, na ndugu zao wasio nayo kama 75. Kitu kilekile kinachomtoa msichana damu kinampa shangazi yake miaka kumi.

Sisi pia tunazo nasaba. Babu anaweza kunihesabia vizazi tisa bila kusita. Ila katika vizazi vyote tisa hakuna aliyekufa kwa kitu chenye jina. Alikufa kwa maradhi. Alikufa ghafla. Alilala. Na karibu wote ni wanaume.

Usiku wa tatu babu alikwenda msikitini, nikabaki jikoni na bibi. Alikuwa akinimenyea matunda damu, kwa kuwa ukimwambia bibi yangu una tatizo la damu, lolote lile, atakupa matunda damu. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba yangu haijapungua. Nikamuuliza kama kuna mwanamke yeyote kwetu aliyewahi kuvimba mguu mmoja.

Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Wifi yangu."

Dada mdogo wa babu. Alijifungua mtoto wa pili mwaka ule wa Azimio la Arusha, mtoto mzima, uzazi bila shida. Wakamweka ndani alale, kama desturi, asiguse jembe, apikiwe uji na supu. Siku ya nane mguu wa kushoto ukaanza kuvimba, mweupe, wa moto. Ukakandwa kwa majani. Siku ya 11 aliinuka kwenda kuoga, akashika kifua, akaanguka mlangoni.

Ninajua sasa ninachosikia. Katika ujauzito PAI-1 hupanda mara kadhaa, kwa makusudi: mwili unajiandaa ili mama asimalizike damu siku ya kujifungua. Wiki chache baada ya uzazi ndizo za hatari kubwa kuliko zote, na mguu wa kushoto ndio unaoshikwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mshipa wake unapita chini ya ateri na kubanwa. Ongeza kulala siku nane bila kutembea. Ongeza kukandwa. Na labda, chini ya yote hayo, kitu fulani ambacho mimi na yeye tulipewa na mtu yuleyule.

"Walisema ni nini?" nikauliza.

"Walisema mke mwenzie."

Alikuwa mke wa pili. Mke mkubwa alimletea supu siku ya saba. Baada ya mazishi wazee wakakaa, na babu yangu alikuwa mmoja wao, kijana aliyefiwa na dada. Hawakumpiga. Walimrudisha kwao na vitu vyake na binti yake wa mwisho, kwa miguu, na wale watoto wakubwa wakabaki kwa baba yao. Hakurudi tena Vuga. Alifariki huko kwao.

Nikamweleza bibi juu ya donge. Nikamwonyesha kwenye mguu wangu lilipokuwa, na njia ambayo lingepita hadi kifuani. Nilisema sina uwezo wa kuapa, hakuna aliyempima yule mama, lakini dalili zote ni zangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisu kilikuwa kimesimama.

"Kwa hiyo supu haikuwa na kitu."

"Sidhani, bibi."

Kuni zikaanguka motoni, akazisogeza. "Yule binti wa mwisho yuko Soni," akasema. "Ni mtu mzima, ana wajukuu. Anauza karoti pale sokoni. Huwa tunasalimiana." Baadaye kidogo akaongeza, "Sijawahi kununua kwake."

Babu aliporudi tulizungumza mambo ya mvua.

Kila mtu anayepanda Vuga huikuta habari ya Richard Burton, na mimi nilikuwa nayo kichwani siku iliyofuata nikishuka kwa miguu kwenda Soni. Mwaka 1857 yeye na Speke walipanda mlima huu kutoka bonde la Pangani kuja kumwona Mfalme Kimweri, ambaye alikuwa ameshazeeka na anaumwa. Kimweri alisikia kwamba mgeni ni mganga, akaagiza amtengenezee dawa ya kumrudishia afya na nguvu. Burton akajitetea kwamba dawa zake zote ameziacha Pangani. Mfalme akamjibu kwamba anaruhusiwa kuzunguka milimani akatafute miti anayoihitaji. Ninapenda kwamba agizo hilo lilitoka kwa mtu asiyeweza tena kuzunguka milimani mwenyewe.

Soksi ya kubana ilinikuna njia nzima. Nilitembea taratibu, nikasimama kwenye kila kona, nikapitwa na wanawake wenye mizigo ya kabichi kichwani ambao walinipa pole bila kujua ya nini. Sokoni nilimtambua kwa maelezo ya bibi. Nikanunua mafungu manne ya karoti, mengi kuliko ninayoweza kula, na yeye akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akanitazama kwa muda, akaniongezea karoti mbili za juu, akasema nimsalimie bibi.

Nilirudi kwa daktari mwezi uliofuata. Picha ya mguu ilionyesha kwamba donge limeisha karibu lote, limebaki utando kwenye ukuta wa mshipa. Vidonge vya uzazi wa mpango nilikuwa nimeshaviacha, na alinieleza kwamba nikija kupata mimba niwaambie mapema, siku ya kwanza kabisa kliniki, wanianzishie sindano. Kisha akafungua faili.

"Uliuliza?"

"Niliuliza. Dada wa babu mzaa baba. Mguu wa kushoto, siku ya 11 baada ya kujifungua. Mwaka 1967."

Akaandika. Ilichukua mstari mmoja.

"Mwingine?"